Mto Karanga: Safari ya Maji kutoka Mlima Kilimanjaro hadi Bahari ya Hindi

Mto Karanga ni miongoni mwa mito inayotiririka kutoka miteremko ya kusini ya Mlima Kilimanjaro, wenye kimo cha mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Bonde lake la juu, lililo kwenye mwinuko wa takriban mita 4,000, hufahamika kwa wapanda mlima wa njia ya Machame kuwa mahali pa mwisho pa kuteka maji kabla ya kufika kileleni.

Kutoka huko, mto hushuka na kupita katika msitu wa hifadhi. Ingawa wengi hudhani kuwa mito ya Kilimanjaro hutegemea theluji, sehemu kubwa ya maji yake hutokana na mvua na ukungu unaonaswa na msitu huo, ambao tangu mwaka 2005 ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro.

Chini ya msitu, mto huingia katika vihamba vya migomba na kahawa. Hapo Wachagga wamechimba mifongo kwa vizazi vingi ili kumwagilia mashamba, wakigawana maji kwa zamu. Baadaye mto hufika magharibi mwa Manispaa ya Moshi, ziliko kata za Shirimatunda na Karanga, na kukatiza Barabara Kuu ya Moshi–Arusha.

Katika tambarare, maji ya Karanga huungana na ya Mto Weruweru, kisha Kikuletwa, na kuingia Bwawa la Nyumba ya Mungu. Kutoka bwawani huitwa Mto Pangani, unaozalisha umeme katika vituo vya Nyumba ya Mungu, Hale na New Pangani kabla ya kumwaga maji baharini mjini Pangani, mkoani Tanga.

Kwa sababu hiyo, uharibifu wa kingo huko juu huwaathiri wananchi wa mbali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu zinazoweza kuathiri mto ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Aidha, uchepushaji wa maji huhitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009.