Velten 1903 au Mtoro 1903? Jina la Mtunzi wa Desturi za Wasuaheli katika Isimu, Historia na Fasihi

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia namna kitabu kimoja cha nathari ya Kiswahili, Desturi za Wasuaheli (1903), kilivyorejelewa na wanaisimu, wanahistoria, wanaanthropolojia na wahakiki wa fasihi kwa zaidi ya miaka mia moja. Yanadai kwamba kila taaluma imemtaja mtu iliyemhitaji, na kwamba jina la Mtoro bin Mwinyi Bakari limefifia na kurudi kwa kufuata mahitaji hayo zaidi kuliko ushahidi wa nani aliandika nini. Yanadai pia kwamba kumkabidhi Mtoro kitabu kizima ni kurekebisha kosa moja kwa kutenda jingine la aina ileile.

Utangulizi

Kati ya Dar es Salaam na Bagamoyo, pwani ya Mrima ina vijiji vya kale vilivyomezwa na jiji: Msasani, Kunduchi, Ununio, Mbweni. Mbweni leo ni sehemu ya Kinondoni, ambako nyumba za kuta ndefu zimesogeleana na wavuvi. Mkazi wa huko anayetaka kujua jinsi watu wa Mrima walivyozaa, walivyocheza unyago, walivyooza, walivyopunga pepo na walivyozika mwishoni mwa karne ya 19 hana maandishi ya Kiswahili yanayokaribia upana wa Desturi za Wasuaheli. Kitabu kimeegemea Bagamoyo na jirani zake, na humo yamo mambo ya majumbe, ada, utumwa, ngoma na biashara ya bara. Ni kitabu cha kwao. (Ieleweke kwamba hata jina la kijiji chenyewe lina mashaka yake: anayetafuta “Mbweni” katika faharasa za vitabu vya historia mara nyingi hupelekwa Unguja, kwenye misheni ya UMCA, wala si Mrima.)

Mkazi huyo akiingia maktaba, swali la kwanza ni dogo: kitabu kitafutwe kwa herufi gani? Huenda akakikuta chini ya V, kwa Velten. Huenda akaikuta tafsiri yake chini ya A, kwa Allen, au chini ya B, kwa Bakari. Chini ya M, mahali ambapo watu wa Bagamoyo wa mwaka 1895 wangemtafuta mtu aitwaye Mtoro, hapana hakika. Tofauti hizi zina historia, na historia hiyo ndiyo mada ya makala haya.

Mkalimani na mwalimu

Carl Velten alikuwa mkalimani wa serikali ya Kijerumani mjini Dar es Salaam tangu 1893 hadi 1896, kisha akawa mwalimu wa Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki mjini Berlin. Seminari hiyo ilianzishwa 1887 ili kuwaandaa maofisa, wafanyabiashara na wamisionari, na ilihitaji matini za kusomesha. Kabla ya Velten, C. G. Büttner alikwisha kutoa mkusanyo wake wa fasihi ya Kiswahili (1894), ambamo yamo maandishi ya Amur bin Nasur, mmoja wa walimu wa kwanza wa Kiswahili katika Seminari. Velten aliendeleza kazi hiyo kwa Safari za Wasuaheli (1901), Desturi za Wasuaheli (1903) na Prosa und Poesie der Suaheli (1907).

Mtoro bin Mwinyi Bakari alizaliwa yapata 1869 upande wa Bagamoyo, akasoma elimu ya dini huko, na mwaka 1900 akaenda Berlin kufundisha Kiswahili. Alikuwa mwalimu, hakuwa mpagazi wa maneno. Mwaka 1904 alimwoa mwanamke wa Kijerumani; mwaka uliofuata kazi yake Berlin ilikwisha, na wawili hao waliposafiri kuja Afrika Mashariki serikali ya koloni ilikataa washuke pamoja. Mtoro alirudi Ujerumani, akafanya kazi kwa muda Hamburg alikokuwa Carl Meinhof, akaishi kwa kutoa mihadhara, na akafariki 1927 bila kuiona tena Mrima. Mengi ya hayo yanajulikana vizuri kwa sababu ya wasifu ulioandikwa na Ludger Wimmelbücker na kuchapishwa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota mwaka 2009, yaani miaka 106 baada ya kitabu chenyewe.

Safari zina mwenyewe, desturi hazina

Jambo linalostahili kutazamwa kwa makini ni kwamba Velten hakuwa na kanuni moja. Katika Safari za Wasuaheli kila habari ina mtu wake: Selemani bin Mwenye Chande na safari yake ya bara, Salim bin Abakari na safari ya Urusi na Siberia, Mtoro mwenyewe na safari ya Udoe hadi Uzigua. Miaka miwili baadaye, katika Desturi, mwandishi yuleyule wa Udoe amezama ndani ya kitabu chenye jina la Velten jaladani. Mkusanyaji ni mmoja, mchapishaji ni mmoja wa Göttingen, na miaka ni ileile. Kilichobadilika ni aina ya maandishi.

Habari ya safari husimuliwa kwa nafsi ya kwanza. “Nilitoka”, “nilifika”, “tulipigwa na njaa”: kiambishi cha nafsi kinadai mwenyewe, na msomaji hawezi kukiamini bila kujua ni nani. Nathari ya desturi hupenda hu- na -ki-: mtoto akizaliwa hufanyiwa hivi, mtu akifa huoshwa hivi. Kiambishi hu-, kama kila mwanafunzi wa sarufi ya Kiswahili ajuavyo, hakichukui kiambishi cha nafsi. Sentensi yake husema jambo la watu wote na la wakati wote, na mwandishi wake hana mahali pa kusimama. Msomaji wa Ulaya aliyezoea kuamini kwamba desturi ni mali ya kabila, si ya mtu, alikuta sarufi inayomwunga mkono. Ndivyo mwandishi aliyechagua, akapanga, akaacha haya na kukaza yale, alivyogeuzwa kuwa mdomo tu wa Waswahili. Kichwa cha tafsiri ya Kijerumani ya Safari kinasema wazi kwamba habari hizo zimekusanywa kutoka vinywani mwa Waswahili. Kinywa kimetajwa, kalamu haikutajwa, ingawa miongoni mwa wenye vinywa hivyo alikuwamo mtu ambaye riziki yake ilikuwa kusoma na kuandika.

Taaluma na majina yake

Wanaisimu ndio waliomsahau Mtoro kwa urahisi zaidi, na hilo halipaswi kusemwa kwa upole katika jarida la isimu. Kwao matini ni data. Mfano wa sentensi huwekewa alama ya lahaja au ya chapisho, nadra ya mtu. Kamusi ya Charles Sacleux (1939), kazi kubwa isiyo na mshindani kwa lahaja za Kiswahili, humwambia msomaji kwamba neno ni la Mrima, la Unguja au la Mombasa. Mzee aliyelitamka hana nafasi katika vifupisho vyake. Utaratibu huo una faida yake, kwani neno kweli si mali ya mtu mmoja. Lakini unapohamishwa kutoka neno kwenda kitabu kizima, “Velten 1903” huwa jina la ghala, na aliyelima hatajwi. Lyndon Harries alipotoa Swahili Prose Texts (1965) aliwataja wasimulizi katika sehemu zao, ila kichwa kidogo cha kitabu kinaeleza yaliyomo kuwa ni mateuzi kutoka katika vitu vilivyokusanywa na Velten kati ya 1893 na 1896. Data ina mkusanyaji, haina mtunzi.

Wanaanthropolojia na wanahistoria walifuata njia nyingine, na mlango wao ulikuwa tafsiri ya J. W. T. Allen iliyotolewa na University of California Press mwaka 1981. Kichwa chake kinaitaja kazi kuwa ni Desturi za Waswahili ya Mtoro bin Mwinyi Bakari na Waswahili wengine. Tangu hapo jina la Mtoro limeanza kuonekana katika tanbihi za Kiingereza. Jonathon Glassman, katika Feasts and Riot (1995), hawezi kueleza sherehe, ada na ushindani wa heshima wa miji ya Mrima bila maandishi hayo. Hata hivyo mwanahistoria humhitaji Mtoro kama shahidi, na shahidi huulizwa alikuwa wapi na aliona nini. Haulizwi kwa nini aya yake imejengwa hivyo. Jina limerudi, sanaa haijarudi.

Linganisha na Tippu Tip. Maisha yake, yaliyotolewa na Heinrich Brode katika jarida la Seminari ya Berlin mwaka 1902 na 1903 na kutafsiriwa upya na W. H. Whiteley mwishoni mwa miaka ya 1950, hurejelewa kwa jina la Tippu Tip bila shida. Brode na Whiteley ni wahariri, basi. Mtu aliyejulikana Ulaya kabla ya kuandika hakuhitaji kupiganiwa. Sifa ilitangulia maandishi, na kanuni ya marejeleo ikaifuata sifa.

Katika fasihi mambo yamekwenda kwa kuchelewa na kwa njia ya kuzunguka. Thomas Geider alizitazama habari za safari kama utanzu wa Kiswahili wenye historia yake. Baadaye wahakiki wa Paradise (1994) ya Abdulrazak Gurnah, akiwamo James Hodapp, walionyesha jinsi riwaya hiyo inavyozungumza na nathari hizo za awali, hasa habari ya Selemani bin Mwenye Chande. Tuzo ya Nobel ya 2021 imewaongezea wasomaji. Ni jambo la kufurahisha, lakini lina uchungu ndani yake: Selemani amesomwa kama mwandishi pale alipokuwa chanzo cha mwandishi mwingine, na aghalabu amesomwa kwa Kiingereza cha Harries.

Kanuni iliyokuwapo

Ingekuwa rahisi kusema kwamba Waswahili hawakuwa na desturi ya kumtaja mtunzi, kwamba masimulizi ni ya wote. Ushahidi unakataa. Tenzi zina mahali pa mtunzi kujitaja. Mwana Kupona binti Msham aliweka jina na mwaka mwishoni mwa utendi wake wa 1858, na ndiyo sababu tunaweza kuutia tarehe bila kubahatisha. Anayetunga takhmisi hubeba beti za mwenziwe ndani ya zake na msikilizaji hujua zipi ni za nani. Wanazuoni wa pwani walisoma kwa sanad, mnyororo wa majina ya walimu hadi kwa mtunzi wa kitabu. Mtoro aliyesoma elimu ya dini hakuwa mgeni wa mnyororo huo. Mashairi ya Muyaka bin Haji nayo yalimfikia W. E. Taylor kwa kazi ya Mwalimu Sikujua wa Mombasa, na jina la Mwalimu Sikujua likabaki kwa sababu ushairi ulikwisha kuwa na utaratibu wa kuuliza: haya ni ya nani, na umeyapata kwa nani? Nathari ya desturi ilizaliwa kati ya Mrima na Berlin, nje ya utaratibu huo, ikapangiwa utaratibu wa Seminari.

Mtoro na wengine

Marekebisho yaliyozoeleka sasa ni kufuta Velten na kuandika “Bakari, M.”. Yana kasoro mbili. Ya kwanza ni ya jina. Bakari ni baba yake, si ukoo wake, na Mwinyi ni cheo cha heshima. Kulikata jina hivyo ni kumrejelea babake kwa kitabu asichokiandika. Tatizo hili tunalo pia kwa Shaaban Robert, ambaye kila orodha ya marejeleo humweka chini ya jina la mzazi, ila kwake mazoea yamekwisha kuwa sheria. Kwa Mtoro bado hayajakauka. Matokeo yake ni kwamba hesabu za mitambo ya marejeleo, ambazo siku hizi hutumiwa hata kupima wasomi walio hai, humgawa mtu mmoja kuwa Bakari, Mtoro, bin Mwinyi Bakari na Velten.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Velten aliuliza, akapanga na kuhariri. Kumwondoa kabisa kunatufanya tusome sura za kitabu kana kwamba hazikuwa majibu kwa mtu aliyetaka kujua mambo fulani na kupuuza mengine. Na “Waswahili wengine” wa kichwa cha Allen hawana majina pale. Mtoro akipewa yote, wao hutoweka mara ya pili, safari hii kwa mkono wa watetezi wa haki. Uchambuzi wa mtindo ungeweza kusaidia: sura ya Udoe ya 1901 ina jina la Mtoro na inaweza kuwa kipimo cha msamiati, viunganishi na mpangilio wa sentensi, kikalinganishwa na sura moja moja za 1903. Hiyo ni kazi ya wanaisimu hasa, nao ndio waliobaki nyuma. Hadi ifanyike, marejeleo yanayolingana na ushahidi ni marefu na hayapendezi: Mtoro bin Mwinyi Bakari na wengine, mhariri C. Velten, 1903, yawekwe chini ya M.