Miji ya kuzuru kwa siku moja kutoka pwani ya Málaga, Uhispania

MTALII anayefikia Torremolinos, kusini mwa Uhispania, aghalabu hudhani kwamba safari yake imekamilika pindi anapotandika taulo mchangani. Hoteli ziko hatua chache kutoka baharini, mikahawa imejipanga ufuoni na jua huwaka sehemu kubwa ya mwaka. Hata hivyo, nyuma ya milima inayoonekana kutoka hapo kuna miji iliyo mikongwe kuliko hoteli zote za pwani hiyo, na mingi kati yake hufikika asubuhi na kurejewa jioni.

Torremolinos kilikuwa kijiji cha wavuvi hadi miaka ya 1950. Hoteli ya kifahari ya Pez Espada ilifunguliwa mwaka 1959, na tangu hapo wageni kutoka Uingereza, Ujerumani na nchi za kaskazini mwa Ulaya wakaanza kumiminika. Kiutawala mji huo ulitenganishwa na Málaga mwaka 1988. Si mji wenye majengo ya kale ya kustaajabisha, lakini kama kituo cha kulala una sifa moja kubwa: reli hupita katikati yake.

Kwa msafiri kutoka Kenya, jambo hili si dogo. Viza ya Schengen hugharimu yuro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, mbali na nauli ya ndege na bima ya afya isiyopungua yuro 30,000. Aliyegharamika kiasi hicho ana kila sababu ya kutaka kuona zaidi ya mchanga, kwani mchanga hata Diani upo, tena mweupe zaidi.

Garimoshi la abiria linalojulikana kama C1 huanzia katikati ya Málaga, likapitia uwanja wa ndege, Torremolinos na Benalmádena hadi Fuengirola. Safari nzima huchukua takriban dakika 45. Kwa hivyo, Málaga ndiyo ziara ya kwanza na iliyo rahisi kuliko zote, ingawa wageni wengi huuona mji huo kupitia dirisha la basi la uwanja wa ndege pekee.

Huko ndiko alikozaliwa mchoraji Pablo Picasso, Oktoba 25, 1881, na jumba la makumbusho lenye jina lake lilifunguliwa mwaka 2003. Juu ya mji kuna Alcazaba, ngome ya watawala Waislamu ambayo ujenzi wake mkubwa ulifanywa katika karne ya 11, na chini yake ukumbi wa maonyesho wa Warumi uliogunduliwa mwaka 1951. Kanisa kuu la mji huo wenyeji huliita La Manquita, yaani mwanamke mwenye mkono mmoja, kwa sababu mnara wake wa kusini haukumalizwa.

Upande wa pili wa reli, Fuengirola, kuna ngome ya Sohail juu ya kilima karibu na bahari. Mahali hapa pana uhusiano na Afrika Mashariki ambao waelekezi wengi wa watalii hawautaji. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyezuru Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alipita pwani hii mnamo 1350 akitoka Gibraltar, Ronda na Marbella kuelekea Málaga. Katika masimulizi yake anaeleza jinsi kundi la wapanda farasi lililomtangulia lilivyovamiwa na maadui waliotua kutoka baharini, baadhi wakauawa na wengine kutekwa. Yeye aliponea chupuchupu na kulala usiku huo ngomeni. Alipofika Málaga alimkuta kadhi akiwa msikitini na wanazuoni, wakichanga fedha za kuwakomboa mateka hao. Ufuo ambao leo watu hulala wakiota jua ulikuwa mpaka wa vita.

Málaga yenyewe aliisifu kwa matunda na vyombo vyake vya udongo vilivyopakwa rangi ya dhahabu.

Ziara ya Ronda ndiyo inayofaa kupewa kipaumbele na mtu mwenye siku moja tu ya ziada. Mji huo uko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 700, umbali wa takriban kilomita 100 kutoka Málaga, na umegawanywa na korongo refu linaloitwa El Tajo. Mto Guadalevín hupita chini kabisa. Kinachounganisha sehemu hizo mbili ni Puente Nuevo, daraja la mawe lenye kimo cha mita 98 lililokamilishwa mwaka 1793. Daraja la awali lililojengwa mahali hapo kwa haraka lilianguka mwaka 1741 na kuua makumi ya watu, na ujenzi wa la sasa ukachukua zaidi ya miaka 40. Chumba kilichoko juu ya tao la katikati kiliwahi kutumiwa kama gereza.

Wengi husimama juu ya daraja, wakapiga picha na kuondoka. Hilo ni kosa, kwani uzuri wa Ronda huonekana kutoka chini. Kuna njia ya miguu inayoteremka kutoka upande wa mji wa kale, na anayeifuata hupata kuliona daraja lote likiwa limekabwa na majabali pande mbili. Kupanda tena kunachosha, hasa Julai na Agosti, na viatu vya ufuoni havifai kabisa.

Katika mji huo kuna pia mabafu ya Waarabu yaliyohifadhiwa vyema, na uwanja wa kupigania fahali uliofunguliwa mwaka 1785. Mkenya aliyezoea mchezo wa fahali wa Kakamega atambue tofauti: magharibi mwa Kenya fahali hukabiliana wao kwa wao, ilhali Uhispania ni binadamu anayemkabili mnyama, na mnyama huuawa. Uwanja wa Ronda huweza kutembelewa kama jumba la makumbusho bila kutazama pigano lolote, na kwa wengi hiyo yatosha. Mwigizaji na mwelekezi wa filamu Mmarekani, Orson Welles, aliupenda mji huu kiasi kwamba majivu yake yalizikwa katika shamba moja karibu nao mwaka 1987.

Basi kutoka Málaga huchukua takriban saa mbili. Wanaokodi gari hupenda barabara inayopanda kutoka San Pedro de Alcántara, yenye urefu wa kilomita 50 hivi. Ni barabara nzuri, lakini kona zake hazihesabiki.

Granada iko takriban kilomita 125 kutoka Málaga. Inawezekana kwenda na kurudi siku moja, ila kwa sharti moja: tiketi ya Alhambra iwe imenunuliwa mapema. Kasri hilo huruhusu idadi maalumu ya wageni kwa siku, na tiketi huandikwa jina pamoja na saa kamili ya kuingia katika kasri za ukoo wa Nasri. Anayechelewa hukosa sehemu hiyo, ambayo ndiyo kiini cha ziara yote. Katika miezi ya watalii wengi tiketi huisha siku nyingi kabla, na kila mwaka wapo wanaosafiri asubuhi kutoka pwani wakitarajia kununua langoni, wakaishia kulitazama kasri kutoka mtaa wa Albaicín, ng'ambo ya bonde. Pasipoti nayo ni lazima ibebwe, kwa sababu huulizwa langoni.

Ndani kuna ua wenye chemchemi inayobebwa na simba 12 wa marumaru, kuta zilizonakshiwa maandishi ya Kiarabu kutoka chini hadi juu, na bustani za Generalife ambazo maji yake huletwa kwa mifereji. Granada ulikuwa mji wa mwisho wa Waislamu nchini Uhispania. Sultani Muhammad wa 12, ambaye Wahispania humwita Boabdil, aliusalimisha kwa Malkia Isabella na Mfalme Ferdinand mnamo Januari 2, 1492, miaka sita kabla ya Vasco da Gama kutia nanga Malindi. Nyuma ya mji ni milima ya Sierra Nevada, ambayo kilele chake cha Mulhacén kina urefu wa mita 3,479. Kati ya Desemba na Machi, anayetoka ufuoni akiwa na shati jepesi atajuta.

Kuhusu Córdoba, umbali usimtishe mtu. Ingawa ni kilomita 160 hivi kutoka Málaga, garimoshi la kasi kutoka stesheni ya María Zambrano huchukua takriban saa moja, na kwa hivyo mji huo huwa karibu kuliko Ronda kwa kipimo cha muda. Msikiti wake mkuu ulianza kujengwa mwaka 785 na una nguzo zaidi ya 850 zilizounganishwa kwa matao ya rangi nyekundu na nyeupe. Mwaka 1236 uligeuzwa kuwa kanisa, na katika karne ya 16 kanisa kuu likajengwa katikati yake. Mgeni Mwislamu ajue mapema kwamba kusali humo hakuruhusiwi, na walinzi hufuatilia jambo hilo. Wakati wa kiangazi joto la Córdoba hupita nyuzi 40, hivyo mwezi wa Aprili au Mei unafaa zaidi.

Antequera, umbali wa kilomita 50 tu, hupuuzwa na wengi. Kando ya mji huo kuna makaburi ya mawe makubwa ya Menga, Viera na El Romeral, yaliyoingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia mwaka 2016. Menga lilijengwa zaidi ya miaka 5,600 iliyopita, na jiwe lake kubwa zaidi la paa linakadiriwa kuwa na uzani wa tani 150. Mlango wake unaelekea mlima ambao umbo lake ni kama uso wa mtu aliyelala chali.

Mashariki, pia kilomita 50 hivi, ni Nerja. Mapango yake yaligunduliwa mwaka 1959 na vijana watano waliokuwa wakiwinda popo, na ndani yake mna nguzo ya asili yenye kimo cha mita 32. Barabara ya pwani inayopita hapo ina kumbukumbu nzito. Mnamo Februari 1937, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, maelfu kwa maelfu ya raia walitoroka Málaga kwa miguu kuelekea Almería, wakashambuliwa kutoka angani na baharini. Abiria wa basi la watalii hupita njia hiyo bila kuambiwa.

Mijas, kijiji cha nyumba nyeupe kilichoko juu ya Fuengirola, ndicho kinachotangazwa zaidi na mawakala wa utalii. Mandhari yake ni ya kupendeza na nusu siku yakitosha. Punda wanaobeba wageni huko walianza kazi hiyo miaka ya 1960, lakini mtu aliyewahi kufika Lamu hatakuwa na sababu ya kulipia mgongo wa punda.

Msemaji wa Kiswahili ana faida moja katika eneo hili. Kihispania na Kiswahili vyote vilichota maneno kutoka Kiarabu, na mengine hayajapotezana. Sukari ni azúcar, zafarani ni azafrán, na mtu asiyetajwa jina, fulani, huko huitwa fulano. Meya huitwa alcalde, neno lililotokana na kadhi. Zeituni ni aceituna, na hilo litamfaa mgeni tangu mlo wa kwanza.

Ratiba za huko zahitaji kuzoeleka. Katika miji midogo maduka mengi hufungwa tangu saa nane mchana hadi saa kumi na moja jioni, mikahawa haiandai chajio kabla ya saa mbili usiku, na sehemu nyingi za kihistoria hufungwa Jumatatu. Jumapili mabasi hupungua. Msafiri ahakikishe saa ya basi la kurudi kabla hajatoka kituoni.

Kuna safari mbili ambazo mabango ya Torremolinos huziweka pamoja na hizo nyingine, ilhali ni za aina tofauti kabisa: Gibraltar na Tangier. Gibraltar, jina linalotokana na Jabal Tariq, yaani jabali la Tariq, ni eneo la Uingereza wala halimo katika Schengen. Mnamo Juni 2025 Uingereza, Uhispania na Umoja wa Ulaya zilitangaza maafikiano ya kuondoa ukaguzi wa watu katika mpaka wake wa nchi kavu, lakini anayesafiri kwa viza hana budi kuthibitisha utaratibu unaotumika siku anayokwenda. Tangier, alikozaliwa Ibn Battuta mwaka 1304, iko ng'ambo ya mlango wa bahari, mwendo wa takriban saa moja kwa feri kutoka Tarifa, na imo nchini Morocco.

Wageni wa Uingereza na Marekani huvuka na kurudi bila wasiwasi. Mkenya sharti kwanza aitazame stika ya viza katika pasipoti yake, mahali panapoonyesha idadi ya mara za kuingia. Palipoandikwa MULT, anaweza kutoka na kurudi mradi siku zake hazijaisha. Palipoandikwa 01, viza hiyo hukoma pindi anapovuka mpaka na kutoka Tarifa, hata kama mizigo yake ingali hotelini Torremolinos na tiketi yake ya kurudi Nairobi yaanzia Málaga.