Kadi nyekundu ya Ndaye: nani alikosa?

 

Leo tuzungumze juu ya mpira. Pengine utasema: mpira na amani vinahusiana nini? Ngoja kidogo. Wewe mwenyewe unajua mabishano ya mpira yanavyoanza. Mchezo umekwisha, watu wamekaa chini ya mti. Huyu anasema golikipa ameuza mchezo, yule anasema mwamuzi amekula pesa. Kisha mtu wa tatu anauliza: «Huyo mwamuzi ni mtu wa wapi?» Hapo mpira umekwisha. Jambo lingine limeanza.

Turudi nyuma, mwaka 1974, nchi yetu ilipokuwa ikiitwa Zaire. Mwezi wa tatu mwaka ule, timu ya taifa, Léopards, ilichukua Kombe la Afrika huko Misri. Mchezo wa mwisho na Zambia ulitoka 2-2, ukarudiwa, tukashinda 2-0. Magoli yote manne yalifungwa na mtu mmoja, Ndaye Mulamba. Katika kombe lile alifunga magoli 9, na mpaka leo hakuna aliyefikia hesabu hiyo katika kombe moja.

Mwezi wa sita, Léopards wakaenda Ujerumani ya Magharibi kwenye Kombe la Dunia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa nchi ya Afrika iliyo kusini ya Sahara. Mchezo wa kwanza, Scotland ilitufunga 2-0, wala haikuwa aibu. Lakini wachezaji wakapata habari kwamba pesa walizoahidiwa hazitawafikia. Walitaka kukataa kucheza. Wakaingia uwanjani mioyo ikiwa imevunjika.

Siku ile ni tarehe 18, mji ni Gelsenkirchen, adui wa mchezo ni Yugoslavia. Dakika 20 hazijatimia, magoli 3 yamekwisha kuingia. Kocha akamtoa golikipa Kazadi Mwamba, akamwingiza Tubilandu Ndimbi, mtu mfupi. Mara goli la nne likaingia. Wachezaji wakamzunguka mwamuzi, Omar Delgado wa Kolombia, wakilalamika. Katika fujo ile Mwepu Ilunga akampiga mwamuzi teke kwa nyuma. Mwamuzi akageuka, akatoa kadi nyekundu. Akampa nani? Akampa Ndaye, ambaye hakumgusa! Mwenye kosa akabaki uwanjani, asiye na kosa akatoka. Mchezo ukaisha 9-0.

Sasa sikia yaliyosemwa baadaye. Kocha, Blagoje Vidinić, alikuwa mzaliwa wa Yugoslavia, na zamani alikuwa golikipa wa nchi hiyo. Watu wengi wakasema: «Ametuuza kwa ndugu zake. Damu ni damu.» Lakini pima mwenyewe. Kocha huyu huyu ndiye aliyetuletea kombe kutoka Misri, miezi mitatu tu mbele ya hapo. Naye alieleza baadaye kwamba amri ya kumtoa Kazadi ilitoka kwa mkubwa wa serikali. Mimi sikuwako, siwezi kukuapia. Ninachokuonyesha ni hiki: watu walipokuwa wakibishana juu ya damu ya kocha, ni wangapi waliouliza pesa za wachezaji zimeliwa na nani? Kosa likitupwa juu ya asili ya mtu, mkosaji wa kweli anakwenda zake salama.

Tulipocheza na Brazil, tukafungwa 3-0. Mwepu alitoka mbio kwenye ukuta, akaupiga mbali mpira wa adhabu uliokuwa wa Wabrazili. Dunia ikacheka: «Waafrika hawajui sheria.» Miaka mingi baadaye Mwepu akaeleza kwamba sheria aliijua sana, ila alitenda kwa hasira juu ya wakubwa. Tendo la mtu mmoja, na bara zima likaitwa jinga. Je, ulipenda? Basi usimfanyie jirani yako.

Njoo karibu na nyumbani. Mwezi wa tisa mwaka 2008, huko Butembo, timu ya Nyuki ilicheza na Socozaki. Golikipa akashutumiwa uchawi. Ugomvi ukaanza, polisi wakatupa gesi ya machozi, watu wakakanyagana. Zaidi ya watu 10 walikufa, wengi wao vijana. Walikwenda kutazama mpira tu.

Na ninyi wa Kalembe, mnaokaa penye mpaka wa Masisi na Walikale, mnakumbuka mwezi wa tatu mwaka 1993. Watu waliuawa sokoni Ntoto, kisha moto ukaenea mpaka Masisi. Waliokufa hawakuulizwa walitenda nini. Waliulizwa ni watu wa kabila gani. Hiyo ndiyo kadi nyekundu ya Ndaye, lakini hii haikumtoa mtu uwanjani. Ilimtoa duniani.

Tuna methali: samaki mmoja akioza, wote wameoza. Methali hiyo ni ya kapu la samaki. Binadamu hakai kapuni.

Kwa hiyo, kesho mabishano yakianza, uwanjani au sokoni, uliza mambo matatu. Nani alitenda, kwa jina lake? Nani aliona kwa macho yake? Na nani anapata faida sisi tukipigana? Kama hakuna jibu, ngojeni. Mwiteni mwamuzi ambaye pande zote mbili zinamkubali, au pelekeni neno kwa wazee barazani. Na ninyi vijana, mkigawa timu, msizigawe kwa makabila.

Mwepu alikiri kwamba teke lilikuwa lake. Alifariki mwaka 2015. Ndaye alifariki Johannesburg mwezi wa kwanza mwaka 2019. Katika vitabu vya mpira, jina lililoandikwa penye kadi nyekundu ya siku ile bado ni la Ndaye. Ukweli ulikuja, lakini ulichelewa. Kwetu usichelewe.

Kaeni kwa amani.