Ukocha (mafunzo ya chuoni)

Mafunzo ya ukocha humwandaa mtu kufundisha mchezo kama kazi ya kumpatia riziki. Nchini Tanzania chuo kinachojulikana zaidi kwa masomo haya ni Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, kilichopo wilayani Kwimba, mkoa wa Mwanza, chini ya wizara yenye dhamana ya michezo. Ufundishaji wa michezo husomwa hapo kwa ngazi ya stashahada. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho hutoa shahada ya elimu ya viungo na sayansi ya michezo.

Anayejiunga akitarajia kusakata kabumbu kutwa nzima hukutana na anatomia, saikolojia, sheria za michezo na huduma ya kwanza. Hata hivyo, kipimo chenyewe kiko uwanjani. Mwanachuo huandika andalio la mazoezi, hupanga koni, huwapasha vijana misuli, kisha hufundisha jambo moja tu: tuseme, kupokea pasi mwili ukiwa umeshageukia goli. Kijana akikosea, filimbi hulia, anaonyeshwa, anarudia. Baadaye jambo hilohilo huingizwa kwenye mechi ndogo ya wanne kwa wanne, ndipo huonekana kama limeshika. Wachezaji wastaafu wengi hukwama hapa, kwa sababu wanachokifanya kwa mazoea hawajawahi kukieleza kwa maneno.

Stashahada humfungulia mhitimu njia ya kuwa ofisa michezo wa halmashauri au mwalimu wa michezo shuleni, anayeandaa timu za UMITASHUMTA (michezo ya shule za msingi) na UMISSETA (ya shule za sekondari). Vituo vya kukuza vipaji navyo huajiri. Benchi la klabu ya soka lina mlango wake: leseni za Shirikisho la Soka Afrika (CAF), zinazoanzia D, kisha C, B, A hadi Pro, na ambazo kozi zake husimamiwa nchini na shirikisho la soka la Tanzania (TFF). Bila leseni ya ngazi inayotakiwa, hakuna anayekuwa kocha mkuu katika mashindano ya klabu Afrika, hata awe na vyeti vingapi vya darasani. Riadha nayo ina ngazi zake chini ya shirikisho la dunia.

Kumwacha mhitimu aanze kusaka leseni baada ya mahafali ni kumchelewesha bure. Anayesomea ukocha wa soka aombe kozi ya leseni D angali chuoni, na atafute timu ya watoto mtaani ya kufundisha tangu mwaka wa kwanza.