Mtihani wa Mdomo

Huenda msomaji akadhani kwamba mtihani wa kuzungumza Kiingereza, wanaopewa wageni wanaotaka kufundisha katika vyuo vikuu vya Marekani, ulibuniwa na wataalamu wa lugha waliokaa wakatafakari. La hasha. Ulizaliwa na malalamiko. Katika miaka ya 1970 na 1980 wanafunzi wa uzamivu kutoka nchi za nje waliongezeka mno, hasa katika hisabati na uhandisi, nao wakapewa madarasa ya mwaka wa kwanza wafundishe, kwa posho na msamaha wa ada. Vijana wakalalamika nyumbani kwamba hawamwelewi mwalimu. Wazazi wakapeleka kilio kwa wanasiasa wao. Jimbo la Florida likapitisha sheria mwaka 1983, Pennsylvania mwaka 1990, na mengine kadhaa yakafanya vivyo hivyo.

Mtihani wa TOEFL ulikuwapo tangu 1964, lakini sehemu ya kuzungumza haikuwa lazima kwa kila mtahiniwa hadi lilipokuja toleo la intaneti mwaka 2005. Pengo hilo vyuo vililiziba kwa kanda za mtihani ulioitwa SPEAK. Mimi niliufanya enzi hizo. Kanda inauliza, kinasa sauti kinakusikiliza, na ukisitasita kanda haina habari nawe. Inakwenda swali la pili. Nilikuwa nimezoea kuzungumza na mtu anayeitikia kwa kichwa. Posho yangu yote ilitegemea dakika zile ishirini.

Sasa ni zamu ya mpwa wangu, mwanakemia, naye atafanya wake kwa kompyuta akiwa chumbani mwake. Kila jioni tunafanya mazoezi kwa simu. Msamiati anao, kwani kemia ameisoma kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza. Taabu yake ni mkazo. Sisi Waswahili mkazo wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, umetulia kama mzee barazani. Wa Kiingereza hauna makazi: katika “analyze” uko mwanzoni, katika “analysis” umehamia silabi ya pili, katika “analytical” umefika ya tatu. Kuukosea mkazo humpoteza msikilizaji kuliko kukosea “r” na “l”, jambo ambalo wengi huhangaika nalo bure. Kwa hiyo namtaka aeleze titresheni kwa dakika moja, polepole, akipumua mwisho wa kila wazo, na kila neno kuu alipige mkazo mahali pake.

Juzi aliniuliza, “Mjomba, na wale wanafunzi, wao hupimwa masikio?”

Nikamsimulia jaribio la Donald Rubin wa Chuo Kikuu cha Georgia, lililochapishwa mwaka 1992. Wanafunzi walisikilizishwa muhadhara uliorekodiwa na mzungumzaji mmoja, Mmarekani mzaliwa. Kundi moja lilionyeshwa picha ya mwanamke Mzungu, jingine picha ya mwanamke wa Asia. Sauti ilikuwa ileile. Lakini walioona picha ya Mwasia walisema wamesikia lafudhi ya kigeni, na hata walipopimwa walikuwa wameshika machache zaidi. Sheria zile za majimbo zilikuwa zimeshughulika na mdomo wa mwalimu tu.

Alikaa kimya muda. Kisha akasema, “Haya mjomba, tuanze tena. ‘Analysis.’”