Laptopu ikinguruma unapopakua faili, mtafute kwanza anayekula prosesa

Juzi jioni kijana wa jirani hapa Kilifi aliniletea laptopu yake, feni inalia kama kinu cha kusaga unga. "Kaka, fundi asema prosesa imekufa, ataka Sh8,000," akaniambia. Kila akipakua video za masomo kwa Chrome mashine yaganda, na maombi ya basari mtandaoni yalikuwa yafungwe saa sita usiku huohuo.

Prosesa iliyokufa haiwashi mashine, nikamwambia. Tena kupakua kwenyewe si kazi kubwa: brauza hupokea data, huifumbua, huiandika kwenye diski. Mzigo ukipanda sana, mara nyingi kuna jambo jingine linaloendelea pembeni.

Faili likiendelea kushuka, nilibonyeza Ctrl+Shift+Esc kufungua Task Manager ya Windows, nikapanga safu ya CPU kuanzia kubwa. Hapa wengi hupotea. Windows hugawa asilimia kwa kore zote, kwa hivyo kwenye mashine ya kore 4, asilimia 25 yaweza kuwa kore moja imejaa pomoni. Amri ya top ya Linux ingeandika 100 kwa mzigo uleule.

Waliojitokeza walikuwa wawili. Wa kwanza ni Antimalware Service Executable, yaani Defender, ambayo hukagua faili linaloingia. Huyo muache amalize. Kumzima ili upate kasi ni kujitafutia virusi. Wa pili ni Chrome yenyewe.

Chrome ina orodha yake ya ndani: Shift+Esc. (Kwenye Firefox, andika about:processes pale pa anwani.) Humo aliyekuwa juu ni GPU Process, anayechora kinachoonekana kwenye skrini. Nikalishusha dirisha chini, mzigo ukaanguka papo hapo. Kumbe mtu alizima matumizi ya kadi ya picha, na prosesa ndiyo iliyobeba uchoraji wote, hata ile alama ya maendeleo ya upakuaji.

Nikasimamisha upakuaji, nikaiwasha kadi chini ya Settings, System, kisha nikafungua Chrome upya.

Kama mzigo ungebaki, ningejaribu dirisha la Incognito, ambako programu nyongeza huwa zimezimwa usipoziruhusu mwenyewe.

Maombi yaliondoka saa nne na nusu. Video tuliziacha zishuke usiku.