Dhoruba ya sumaku

Nomino, ngeli ya I-/ZI-. Wingi: *dhoruba za sumaku*.

Maana. Msukosuko wa muda katika uga wa sumaku wa dunia, unaosababishwa na upepo wa jua wenye kasi kubwa au na wingu la gesi yenye chaji lililorushwa na jua. Hudumu kwa saa kadhaa hadi siku chache.

*Mfano:* Dhoruba ya sumaku iliyoanza jana usiku imevuruga mawasiliano ya redio ya masafa marefu.

Asili ya neno. *Dhoruba* limetoka katika Kiarabu, ambako mzizi wake una maana ya pigo. Katika Kiswahili limezoeleka kwa upepo mkali uletao mvua au mawimbi. Istilahi hii imerudi karibu na maana ya kale, kwani mara nyingi vipimo huonyesha mruko wa ghafula wingu hilo linapougonga uga wa dunia, na ndipo nguvu ya uga hushuka kwa saa nyingi.

Maneno ya kutofautisha. *Madoa ya jua* ni sehemu za uso wa jua zenye sumaku kali, zinazoonekana nyeusi kwa kuwa joto lake ni dogo kuliko la sehemu zinazozizunguka. Idadi yake huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa takriban miaka 11. *Mmweko wa jua* ni mlipuko wa mwanga na miale, ambao huifikia dunia kwa muda wa dakika nane hivi. *Dhoruba ya jua* ni jina la jumla, na waandishi hulitumia kwa mmweko, kwa wingu la gesi na kwa athari zake zote. *Dhoruba ya sumaku* ni kile kinachotokea hapa duniani baada ya wingu kuwasili, kwa kawaida siku moja hadi tatu baada ya kurushwa. Mwandishi anayejali usahihi hataandika kwamba dhoruba ya sumaku imetokea juani.

Tahadhari ya matumizi. Neno *dhoruba* likiachwa peke yake huweza kupotosha, na upotoshaji huo una gharama. Mvuvi wa Mbamba Bay au Liuli, katika mwambao wa Ruvuma wa Ziwa Nyasa, akisikia kwamba "dhoruba kubwa itaipiga dunia kesho", ataufikiria mwera, upepo wa kusini-mashariki uinuao mawimbi ziwani, hasa nyakati za kipupwe. Kwake neno hilo ni amri ya kuuvuta mtumbwi nchi kavu na kulala bila kipato. Ziwa likitulia siku hiyo, atalipuuza onyo linalofuata, ambalo huenda likawa la upepo wa kweli. Kwa hiyo inafaa kila taarifa itaje *ya sumaku* na ieleze kinachotarajiwa kuathirika.

Mei 2024 ilionyesha jinsi mambo haya yanavyoweza kuchanganyika. Tarehe 4, Kimbunga Hidaya kilifika Kisiwa cha Mafia, baada ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kutoa tahadhari ya upepo, mvua na mawimbi. Tarehe 10, muda mfupi baada ya saa mbili usiku kwa saa za Afrika Mashariki, ilianza dhoruba ya sumaku iliyofikia G5, daraja la juu kabisa katika kipimo cha G1 hadi G5. Daraja hilo lilikuwa halijafikiwa tangu Oktoba 2003. Tarehe 12, intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na nchi jirani. Ilikuwa rahisi kuyaunganisha matukio hayo matatu kwa sababu ya kufuatana kwake, lakini kila moja lilikuwa na chanzo chake. Kimbunga kilitokana na bahari yenye joto, dhoruba ya sumaku ilitokana na jua, na intaneti ilizorota kwa kukatika kwa nyaya za chini ya bahari karibu na pwani ya Afrika Kusini.

Ufuatiliaji. Satelaiti zilizo umbali wa takriban kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, upande wa jua, hupima kasi na sumaku ya upepo wa jua, na hutoa onyo la kati ya dakika 15 na saa moja kabla wingu halijafika. Hapa duniani kazi hufanywa na vipimasumaku. Kipimo kiitwacho Kp hutolewa kila baada ya saa tatu na huanzia 0 hadi 9. Kingine, Dst, hutegemea vituo vinne: Hermanus wa Afrika Kusini, Kakioka wa Japani, Honolulu na San Juan. Kituo cha Addis Ababa, kilicho karibu na ikweta ya sumaku, kimekuwa kikipima tangu 1958.

Athari katika Mbinga na Nyasa. Kipimo cha Dst katika dhoruba ya Mei 2024 kilishuka hadi takriban nanotesla 400 chini ya kawaida. Katika eneo hili uga wa dunia una kiasi cha nanotesla 30,000. Hivyo badiliko kama hilo ni dogo mno kwa jicho la nahodha anayetazama dira. Haliinui wimbi, haliunguzi kahawa shambani, wala halimlazimu mtu kuzima simu usiku, kama ujumbe wa uzushi unavyodai mara kwa mara.

Kinachostahili uangalifu ni vipokezi vya GPS. Ikweta ya sumaku hupita Ethiopia, kaskazini mwa ikweta ya jiografia. Juu yake, elektroni za ionosfia huinuliwa mchana na kuteremkia pande zote mbili. Mkanda mnene wa upande wa kusini hutanda juu ya Tanzania. Jua likishatua, mapengo hutokea ndani ya tabaka hilo na mawimbi ya satelaiti huyumba, zaidi katika miezi ya Machi, Aprili, Septemba na Oktoba. Hali hii huweza kutokea hata pasipo dhoruba yoyote. Mpima ardhi anayeweka mipaka ya mashamba Mbinga, na chombo kinachokaribia gati ya Mbamba Bay baada ya magharibi, wana sababu ya kuhakiki vipimo vyao kwa njia ya pili.

Matumizi yanayopendekezwa.

*Isiwe:* Dhoruba kali inakuja kutoka juani. Wananchi wachukue tahadhari.

*Iwe:* Dhoruba ya sumaku ya daraja la G4 inatarajiwa kesho usiku. Huenda GPS na redio za masafa marefu zikayumba. Hali ya upepo na mawimbi ziwani haihusiki. Fuata taarifa ya kawaida ya hali ya hewa.

Tazama pia: *dira, kimbunga, kusi, madoa ya jua, mmweko, mwera, tufani, uga wa sumaku, upepo wa jua.*